Kotama na Chachu

Jerikeni la mnazi linaloteremshwa asubuhi Changamwe kutoka Kaloleni au Rabai halikazwi kifuniko. Likikazwa, litavimba njiani, kwani kilichomo hakijamaliza kutengenezwa. Divai ya zabibu husubiriwa wiki na miezi. Mnazi huiva ukiwa safarini, na anayeutaka katika ubora wake sharti aijue saa yake.

Saa hiyo huanzia juu ya mti. Mgema hupanda asubuhi na jioni kwa vidato vilivyochongwa shinani. Karara likiwa bado limefumba, hulifunga kamba, kisha hukata kwa kotama, kisu chake, kipande chembamba mno cha ncha. Akikata kinene, karara litakwisha kabla ya wakati. Akiacha kukata, jeraha litajifunga na utomvu utakoma. Mkono huo mwepesi, katika kimo ambacho wengi wetu hatuthubutu hata kukitazama, ndio ninaouheshimu kuliko yote.

Utomvu hudondoka kibuyuni ukiwa mtamu, hauna ukali wowote, na zaidi ya sehemu kumi katika mia ni sukari. Hapo chachu huingia kazini: Saccharomyces cerevisiae, spishi ileile ya hamira ya mkate. Kwa kimeng'enya chake huivunja sukari vipande viwili, kisha huvigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni, ile inayovimbisha jerikeni. Bakteria nao wamo. Zymomonas mobilis hutoa kileo kama chachu, na jamii nyingine huleta uchachu unaouburudisha ulimi. Katika joto la pwani, saa chache zatosha kufikia kileo cha asilimia nne au tano. Mnazi ukilala, bakteria wa siki huanza kukila kileo chenyewe.

Mwanasayansi Louis Pasteur alianza kuchapisha utafiti wake wa uchachukaji mwaka 1857, na mwaka 1897 mwanakemia Eduard Buchner akaonyesha kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwa chachu, bila chembe hai, huweza kugeuza sukari kuwa kileo. Mgema hakuwangojea. Alijua kwamba masimbi, yaani mashapo ya jana kibuyuni, huharakisha kazi ya leo: ndiyo mbegu yake, wala hainunuliwi dukani. Akitaka tembo tamu, hukisafisha kibuyu sawasawa na kuteremsha mapema.

Methali inatuonya tusimsifu mgema. Naona hatujamsifu vya kutosha. Kisauni na Likoni minazi inapisha nyumba, na mangweni wanywaji huuliza bei kabla ya kuuliza mnazi umegemwa lini. Lakini wazee wa Kimijikenda wakiitisha kadzama, yaani mnazi wa posa, swali hilo hurudi na uzito wake wote. Mgema huuliza kikao ni saa ngapi, akahesabu kurudi nyuma, ndipo akajua wa kuteremsha ni wa jioni au wa alfajiri.