Kitabu cha Msafiri na Mahali Aendako

Mwisho wa mwaka ukikaribia, shule hufungwa na njia hujaa watu. Huyu aenda Mombasa kumtazama ndugu yake, yule aenda Unguja kwa arusi, na mwingine avuka ziwa kwenda Ukerewe kuwasalimu wazee. Kila mmoja hufunga mzigo wake kwa uangalifu: nguo za kubadili, zawadi za wenyeji, chakula cha njiani. Lakini ukiuliza ni kitabu gani kilichotiwa katika mzigo, aghalabu utajibiwa kwamba hapana. Au utaonyeshwa kitabu chochote kilichokuwa karibu na mkono, kama mtu aokotavyo fimbo njiani. Jambo hili lastahili kufikiriwa, maana safari humpa mtu wakati wa kusoma asioupata nyumbani: saa nyingi garini, na jioni nyingi barazani kwa watu, mbali na jembe na madaftari.

Wako wasemao kwamba kitabu kifaacho safari ni kile kisimuliacho habari za mahali pale pale mtu aendapo. Wengine huwapinga, wakisema, "Macho ninayo, nikifika nitaona mwenyewe. Ya nini kusoma habari za mji ambao kesho nitatembea katika njia zake?" Neno hili si bure, lakini wahenga walikwisha kulijibu: mgeni ni kipofu, ingawa ana macho. Huona ukuta asijue aliyeujenga; husikia jina la mtaa asijue asili yake. Basi mimi nawafuata wale wa kwanza, ila kwa sharti moja. Kitabu kimoja ni shahidi mmoja. Torati haikukubali mtu ahukumiwe kwa kinywa cha shahidi mmoja, bali ilitaka wawili au watatu. Ikiwa mtu mmoja alihifadhiwa hivyo, je, mji mzima na watu wake tutawahukumu kwa kitabu kimoja tulichokisoma garini?

Na tuvipime vitabu vitatu kwa kanuni hiyo, kila kimoja pamoja na mahali pake.

Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela na kupigwa chapa mwaka 1934. Hiki ni cha mtu aendaye Mombasa. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyekombolewa utumwani, na habari anazosimulia ni za wazazi wake na wenzao: jinsi walivyotekwa bara, wakasukumwa hata pwani, wakapakiwa majahazini, na jinsi manowari za Kiingereza zilivyoyakamata majahazi hayo. Waliookolewa waliletwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya Church Missionary Society mwaka 1875, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Kijiji kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali yake kwa Sultani wa Unguja kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa.

Leo msafiri akivuka daraja la Nyali huenda akamsikia utingo akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Watu hushuka, hupanda, hununua machungwa, na gari hushika njia. Asiyesoma hudhani ni jina tu kama majina mengine. Aliyesoma hujua kwamba mahali hapo pameitwa kwa kengele ya Freretown, kengele ya watu walionunuliwa na kuuzwa, kisha wakapata kijiji, shule na kanisa. Huyo atashuka. Atasimama kitambo, na kituo cha magari kitakuwa kwake mahali pa kuvua kofia. Hiyo ndiyo faida ya kitabu kinacholingana na safari, wala sijui njia nyingine ya kuipata kwa bei ndogo kama hiyo.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi anasimulia ya kwao. Kiswahili chake ni chepesi, na huzuni yake haina makelele. Lakini shahidi huyu ana upande wake. Shukrani zake kwa Waingereza ni nyingi hata zafunika mambo mengine, na msomaji asiyeangalia ataweka kitabu chini akidhani kwamba bendera ile ilipopandishwa tu, minyororo yote ilianguka. Tarehe zasema vingine. Uingereza iliitwaa Unguja chini ya himaya yake mwaka 1890, lakini sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba haikutolewa mpaka mwaka 1897. Tena waliolipwa fidia ni mabwana, si watumwa. Katika pwani ya Kenya himaya ilitangazwa mwaka 1895, na utumwa haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1907. Zaidi ya hayo, wako watumwa waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe. Watoro wengi walikimbilia Rabai, palepale Krapf na Rebmann walipoweka misheni mwaka 1846. Hao hawakungojea manowari.

Nalitaja jambo hili kwa sababu lina hatari kwetu sisi Wakristo hasa. Tukisoma kitabu hiki peke yake, twaweza kufika Mombasa tumebeba hukumu pamoja na mkoba: kwamba sisi ni wana wa waliokomboa, na jirani Mwislamu ni mwana wa aliyeuza. Hukumu hiyo si kweli, na ni dhambi. Wafanya biashara ile hawakuwa kabila moja wala dini moja, na baadhi yao walikuwa watu wa bara waliowauza jirani zao kwa nguo na baruti. Kitabu kizuri kikimfanya msafiri amtazame mwenyeji wake kwa jicho la shari, kosa si la kitabu peke yake. Ni la msomaji aliyemsikiliza shahidi mmoja akafunga baraza.

Shahidi wa pili tutamwona Unguja. Msafiri Mkristo afikaye huko hupenda kwenda Mkunazini kuliona kanisa kubwa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba, na Askofu Edward Steere aliyelisimamia jengo hilo amezikwa humo. Ni haki kwenda, na ni haki kushukuru. Lakini mtu huyo alipokuwa akishuka chomboni alipita bandarini, na pengine hakupatazama ila kwa kutafuta mzigo wake. Kwa huyo nachagua Kuli, kitabu cha Adam Shafi kilichotolewa mwaka 1979.

Humo twamwona Rashidi, kijana wa maskini aingiaye katika kazi ya ukuli, pamoja na wenzake wapakiao na kupakua meli kwa migongo yao kwa ujira usiotosha chakula. Mwandishi ameijenga hadithi yake juu ya jambo lililotukia kweli: mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo wao ukaenea katika mji. Hesabu miaka, ndugu msomaji. Tangu soko la Mkunazini kufungwa hata mgomo huo ni miaka 75. Bendera ni ileile ambayo Mbotela aliishukuru. Hapa wanaume walio huru kwa sheria wanagoma ili wapate mshahara wa kumlisha mtu na watoto wake. Kitabu cha kwanza hukoma karibu na mlingoti wa bendera. Cha pili huanza chini yake. Mwenye kuvisoma vyote viwili atakuwa na swali la kuuliza Unguja ambalo hakuna kitabu kimojawapo kingempa peke yake: uhuru ni kitu gani kwa mtu ambaye hana bei tena, lakini mshahara wake haumtoshi?

Kuli nacho kina kasoro zake. Aliye mwema humo ni mwema mno, na aliye mbaya amepakwa rangi moja toka kichwa hata miguu. Tena wafanya kazi wakikutana, maneno yao mara nyingine ni hotuba kuliko mazungumzo. Kiliandikwa miaka 15 baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwandishi autazama mwaka 1948 kutoka upande huo. Hata hivyo, mambo ya kazi ameyasema vizuri: uzito wa gunia, jua la mchana, na aibu ya mwanamume arudiye nyumbani mikono mitupu. Aliyesoma hayo hatamfokea mchukuzi wa mizigo bandarini. Ikiwa kitabu kimemzuia msafiri mmoja asimtukane mchukuzi mmoja, kimekwisha lipa nauli yake.

Sasa tuiache bahari twende ziwani. Mtu aendaye Ukerewe, akivuka kutoka Mwanza kwenda Nansio, na achukue kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alikuwa Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa katika misheni ya Kikatoliki. Alikimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981. Mkulima apandaye mwembe huwa na subira, lakini subira ya miaka 35 ni ya watu wachache.

Habari yenyewe ni ya mume na mke wasio na mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume hakubali kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, na kupika pombe ya ndizi alizotozwa, ili arudishiwe mkewe. Hapa hatuna vita wala wafalme. Tuna ndoa moja, na mtu mmoja aliyekataa kumwacha mkewe kwa sababu ya maneno ya watu. Ni vijiji vingapi vya Kikristo leo ambamo mwanamke asiyezaa huwekwa kando, na mumewe husifiwa akimwacha? Myombekere, mtu wa zamani asiyejua kanisa, anatuaibisha.

Kitabu hiki ni kirefu, na mara kwa mara hadithi husimama ili desturi ielezwe: jinsi ya kulima, kupika, kuamkiana, kuzika. Msomaji mwenye haraka atachoka. Lakini msafiri hana haraka, na kurasa zile zinazomchosha mtu nyumbani ndizo zitakazomfaa akiwa kisiwani. Wengine wataogopa waganga na matambiko yaliyomo. Nasema wasiogope. Mwandishi alikuwa Mkristo, naye aliwaeleza wazee wake bila kuwacheka na bila kuwaabudu, kama mwana mwema afanyavyo. Hatari iliyopo ni nyingine: mgeni kudhani kwamba Wakerewe wa leo wanaishi vilevile. Kitabu chasimulia zamani za kabla ya Wazungu kufika. Leo kisiwani utakuta shule, hospitali na simu kama kwingine. Kwa hiyo hapa shahidi wa pili hana budi kuwa mzee wa nyumba. Msomee ukurasa mmoja jioni, kisha uulize, "Babu, ndivyo ilivyokuwa?" Halafu nyamaza usikilize.

Nalo neno hilo lanikumbusha msomaji wa safarini aliye mkuu kuliko sisi sote, yule towashi wa Kushi katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alikuwa garini akisoma chuo cha nabii Isaya. Angalia mambo mawili. Kwanza, hakuwa akienda Yerusalemu, bali alikuwa akirudi. Maana yake habari za mahali husomwa hata baada ya kuondoka, na pengine ndipo zinapoeleweka zaidi. Pili, kitabu peke yake hakikumtosha. Alikiri kwamba yataka mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo aketi pamoja naye. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mamlaka juu ya hazina ya malkia, wala hakuona haya kumwuliza mtembea kwa miguu.

Najua wako watakaosema kwamba vitabu ni ghali, na kwamba hivi vya zamani havipatikani katika kila duka. Ni kweli. Walakini watu watano wakichanga hununua kitabu kimoja, na maktaba za shule na za makanisa zina rafu ambazo hazijaguswa siku nyingi. Anayetoa senti za soda mbili njiani hawezi kusema hana kitu kabisa. Na asiyesafiri mwaka huu asidhani kwamba maneno haya hayamhusu, kwa kuwa wageni watakuja kwake. Na aulize kama kijiji chake kina kitabu cha kuwapa wasome. Kama hakina, walimu waliopo wana kazi.

Basi, ndugu msafiri, kabla hujafunga mkoba, tafuta kitabu cha mahali uendapo, kilichoandikwa na mtu ambaye kwao ni huko. Soma sehemu kabla ya kufika, sehemu ukiwa huko, na sehemu ukirudi. Tafuta na shahidi wa pili, awe kitabu kingine au kinywa cha mwenyeji. Na siku ya kuondoka, ukiweza, mwachie kitabu mtoto wa nyumba iliyokupokea. Huenda hajawahi kujua kwamba habari za kwao zimeandikwa.