Gramu Chache na Neno la Askari Mmoja: Kesi za Tulia Zilivyojengwa

Alfajiri ya Julai 23, 1999, polisi waliivamia Tulia, mji wa wakulima na wafugaji wenye watu wapatao 5,000 kaskazini mwa Texas, Marekani. Watu 46 walikuwa wameshtakiwa kwa kuuza dawa za kulevya. Karibu 40 kati yao walikuwa Weusi, katika mji ambao Weusi wote, watoto kwa wazee, ni mia chache tu. Walitolewa vitandani, wengine hawajavaa sawasawa, na kamera za televisheni zilikuwa zinawasubiri nje. Nyumba zikapekuliwa. Haikupatikana kokeini, wala silaha, wala fedha za kuashiria biashara.

Hata hivyo watu 38 walitiwa hatiani. Mfugaji wa nguruwe aliyekaribia miaka 60 alihukumiwa miaka 90. Miaka minne baadaye gavana Rick Perry aliwasamehe 35 kwa mkupuo. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya askari mwongo aitwaye Tom Coleman. Ni kweli alidanganya, lakini mwongo mmoja hana uwezo wa kufunga watu 38. Anahitaji mfumo unaolipokea neno lake na kulipitisha kutoka meza moja hadi nyingine bila kulipima, na mfumo huo ndio unaostahili kufunguliwa na kutazamwa ndani.

Tuanze na kikosi chenyewe. Coleman alifanya kazi chini ya kikosi cha pamoja cha kupambana na dawa za kulevya cha eneo la Panhandle, chenye makao yake Amarillo na kilichounganisha kaunti nyingi. Vikosi vya aina hii viliendeshwa kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, ruzuku iliyopewa jina la Edward Byrne, polisi wa New York aliyeuawa mwaka 1988. Fedha zilipitia ofisi ya gavana, na idadi ya waliokamatwa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kikosi kilipoomba fedha upya. Kwa sherifu wa kaunti maskini hii ilikuwa neema: alipata askari ambaye bajeti yake isingemudu. Lakini askari huyo alikuwa wa nani? Sherifu alimwajiri, kikosi kilimlipa, na wa kumwangalia kila siku hakuonekana.

Kwa miezi 18 Coleman aliishi kama askari kanzu kwa jina la T.J. Dawson. Alidai alinunua dawa zaidi ya mara 100, kwa kawaida gramu chache za kokeini ya unga. Hapo tu palitosha kumfanya msimamizi makini ainue kichwa, maana kokeini ya unga ni dawa ya watu wenye fedha, na mitaa maskini ya Tulia ilijulikana kwa kraki, kokeini ya vipande ya bei nafuu.

Kazi ya kununua dawa kwa siri ina taratibu zake. Mnunuzi hupekuliwa kabla na baada ya kukutana na muuzaji, ili ijulikane kuwa alichorudi nacho hakwenda nacho. Noti anazopewa huandikwa namba. Huvaa kinasa sauti, na mwenzake hukaa mbali kidogo akitazama. Kila hatua ina kazi moja, yaani kuhakikisha kwamba yupo mtu au kitu kingine, mbali na mnunuzi, kinachojua kilichotokea. Tulia hapakuwa na sauti, wala picha, wala askari wa pili. Coleman alisema kumbukumbu zake nyingine aliziandika kwenye mguu wake.

Kilichobaki kilikuwa mfuko mdogo wa unga, na hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mfuko ulipelekwa maabara, mkemia akaupima, akaandika kwamba ni kokeini. Ripoti ile ilikuwa sahihi. Wanasheria wetu wanaoshughulika na ripoti za Mkemia Mkuu wa Serikali wanajua jinsi karatasi hiyo inavyokuwa na uzito mahakamani. Lakini mkemia hujibu swali moja tu: hiki ni nini? Hawezi kujibu kimetoka mkononi mwa nani. Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, hata ukiwa kamili kutoka kwa askari hadi maabara, huanzia kwa askari, na kiungo cha kabla yake, kile kinachomfunga mshtakiwa, kilikuwa neno la Coleman peke yake. Muhuri wa sayansi uliogongwa kwenye mfuko ukalifunika pengo hilo, na wajumbe wa baraza la mahakama wakaamini wameona ushahidi wa aina mbili ilhali walikuwa na mmoja.

Sheria ya Texas ikaongeza uzito wake. Kuuza kuanzia gramu moja hadi chini ya nne kulibeba kifungo cha miaka 2 hadi 20. Ikidaiwa mauzo yalifanyika karibu na shule au bustani ya umma, kiwango kilipanda hadi miaka 99 au maisha. Hukumu za kwanza zilipotoka zikiwa za kutisha, wengi waliosalia walikiri makosa ili wapunguziwe. Mtu anapokiri hakuna shahidi anayehojiwa, kwa hiyo kila kesi iliyofuata ilipimwa kidogo kuliko iliyoitangulia.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1998, katikati ya operesheni, sherifu wa Tulia alipokea hati ya kumkamata Coleman mwenyewe kwa tuhuma za wizi katika kaunti aliyotumikia awali. Coleman akalipa alichodaiwa, akarudi kazini. Mabaraza ya kesi za mwanzo hayakuelezwa. Baadaye alitunukiwa tuzo ya askari bora wa mwaka wa Texas.

Ngome hii ilibomolewa na karatasi ambazo polisi hawakuziandika. Mwanamke mmoja aliokolewa na benki: saa ambayo Coleman alidai alinunua dawa kwake, rekodi zilimwonyesha akiwa Oklahoma City, jimbo jingine kabisa. Mwanamume mmoja aliokolewa na kadi za mahudhurio kazini na mwajiri wake. Mwingine alielezwa na Coleman kuwa mrefu mwenye nywele nyingi, kumbe ni mfupi mwenye kipara. Tazama ni nani anaokolewa kwa njia hii: mwenye akaunti benki, mwenye kadi ya kazi. Siku ya mfugaji wa nguruwe haigongwi muhuri popote.

Machi 2003, baada ya wakili Jeff Blackburn wa Amarillo na Vanita Gupta wa mfuko wa kisheria wa NAACP, unaotetea haki za Weusi, kulifikisha suala hili mbele ya jaji mstaafu Ron Chapman, Coleman alihojiwa kwa kina na jaji akaamua kwamba hakuwa shahidi wa kuaminika. Amarillo, makao ya kikosi, ilikubali kuwalipa waathiriwa dola milioni 5 mwaka 2004, na kikosi kikavunjwa. Mwaka 2005 Coleman alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo, na hata hapo ilikuwa kuhusu tuhuma zake za wizi, siyo yale manunuzi. Akapewa miaka 10 ya uangalizi nje ya gereza.

Bunge la Texas lilikuwa limeshatunga sheria mwaka 2001: mtu asitiwe hatiani kwa kosa la dawa za kulevya kwa neno la mtoa habari wa siri peke yake, bila ushahidi mwingine unaomhusisha. Ni sheria njema, na inawakinga wengi. Lakini kifungu hicho kinamhusu mtu asiye askari mwenye leseni, na Coleman alikuwa naibu sherifu mwenye leseni. Kesi zilezile zikipelekwa mahakamani leo, kifungu hicho hakimzuii mwendesha mashtaka kumsimamisha shahidi yuleyule mmoja.