Motokari ya Nyuzi za Mukuba

Wako watu wanaosema kwamba ufundi wa namna mpya si wa watu wa kawaida, ni mambo ya wenye masomo. Sisi hatukubali, nasi tunatoa mufano wa huku kwetu.

Mwaka 2019, mu Lubumbashi, wafundi wa Picha pamoja na wenzao wa Ulaya walitengeneza umbo la motokari ya Tesla, ukubwa kama ile yenyewe, kwa nyuzi za mukuba. Mugeni atahitaji maelezo mengi. Lakini mutoto wa Kasulo ataifahamu mara moja, maana watoto wa huku hukunja nyuzi na kujitengenezea motokari za muchezo. Na baba yake ataifahamu zaidi. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa Kasulo walichimba kobalti hata chini ya vyumba vyao, nayo kobalti huingia mu batri za motokari wasizopanda kamwe. Basi motokari isiyokwenda inasema habari yao.

Ufundi huo hauna kosa. Shida ni njia yake. Kazi za kundi lile, On-Trade-Off, zilionyeshwa Amsterdam mwaka 2023. Ni vema. Lakini kazi inayosema habari ya watu haifai kuwafikia wao mwisho. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi. Iwekwe kando ya soko, bila maandiko marefu, watu waiguse. Ndipo tutasikia hukumu ya wale wanaojua uzito wa mukuba kwa mikono yao.