-NGE- na -NGALI-: Kanuni ya Darasani Mbele ya Ziwa Simbi

Katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi hufundishwa kanuni mbili kuhusu sentensi za masharti. Ya kwanza yasema kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kutendeka, na -ngali- kwa jambo ambalo haliwezi kutendeka tena. Ya pili yasema kwamba viambishi hivi viwili havichanganywi katika sentensi moja: kishazi cha kwanza kikiwa na -ngali-, cha pili nacho sharti kiwe na -ngali-. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni ya kwanza si ya kweli, na kwamba ya pili, ingawa ina msingi, ikishikiliwa bila kufikiri humnyang'anya mwanafunzi sentensi ambazo Kiswahili chenyewe kinazo.

Mtu akisema, "Ningekuwa ndege ningeruka hadi Rusinga," hakuna msikilizaji atakayedhani kwamba msemaji bado anatumaini kuota mabawa. Na akisema, "Ungekuja jana ungemkuta," hakuna atakayedhani kwamba jana yaweza kurudi. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, na zote mbili zaivunja kanuni ya kwanza. Huenda mwalimu akajibu kwamba ya pili ni lugha ya mazungumzo tu. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa kazi ya sarufi ni kueleza yale wasemayo wenye lugha kabla ya kuwapangia la kusema.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Si mbali na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Wajaluo yasema kwamba pahali hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee mgeni alifika watu wakiwa katika karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Maji yakakimeza kijiji, na yule mwanamke akaokoka. Sasa msimulizi wa Kiswahili, akiwa amesimama ukingoni, aweza kumalizia hivi: "Wangempokea, wangepona." Aweza pia kusema: "Wangalimpokea, wangalipona." Kwa mujibu wa kanuni ya darasani, msimulizi wa kwanza anawaachia wanakijiji nafasi ya kupona, ilhali ziwa lenyewe li mbele ya macho yake! La hasha. Wasimulizi wote wawili wanajua kwamba mambo yamekwisha. Tofauti yao ni kwamba wa pili ameuweka wakati ndani ya kitenzi, na wa kwanza ameuacha wakati uelezwe na maji yanayoonekana.

Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Kiambishi -nge- husema tu kwamba jambo halichukuliwi kuwa kweli. Wakati wake hupatikana kwingine, katika neno kama "jana" au katika muktadha. Kiambishi -ngali- husema hayo hayo, na kuongeza kwamba wakati wake umepita. Umbo lake lenyewe ladokeza hivyo, kwa kuwa ndani yake twaiona -li- ambayo kila mwanafunzi anaijua kuwa ya wakati uliopita. Basi -ngali- ni finyu na -nge- ni pana. Bi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliweka -nge- upande wa wakati uliopo na -ngali- upande wa wakati uliopita. Tukubali au tukatae mgawanyo huo, angalau ulihusu wakati. Mahali fulani kati ya kitabu chake na ubao wa darasani, swali la wakati liligeuzwa kuwa swali la uwezekano, na tangu hapo twarithishana kosa hilo kana kwamba ni sheria ya lugha.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mwanafunzi wa Homa Bay au Migori hana haja ya kufundishwa jambo hili upya, kwa kuwa analo tayari katika lugha ya mama. Katika Dholuo, di huashiria jambo lisilochukuliwa kuwa kweli. Ikiongezewa ne ya wakati uliopita, hupatikana dine. Mtu husema Ka dine ibiro, dine aneni, yaani, ungalikuja ningalikuona. Alama ni ile ile katika vishazi vyote viwili, kama ilivyo katika Kiswahili, na wakati umeongezwa juu ya alama ya sharti, kama nionavyo ulivyoongezwa katika -ngali-. Mwalimu angeanzia hapo, somo lingechukua nusu saa. Badala yake mtoto huambiwa akariri habari za "bado yawezekana" na "haiwezekani tena", na akikosea huambiwa kwamba kosa limetokana na athari ya Dholuo. Naona kinyume chake ndicho kilicho kweli: Dholuo ingemwokoa kama tungeiruhusu iingie darasani.

Hebu tutoke nje kidogo, tuitazame lugha ambayo sarufi yake ya masharti huogopwa na wanafunzi wengi, yaani Kifaransa. Njeo yake iitwayo conditionnel passé huundwa kwa kitenzi kisaidizi katika hali ya masharti na kitenzi kikuu kinachoonyesha kukamilika: il serait arrivé. Waalimu wengi huitafsiri kwa -ngali- na kuishia hapo. Lakini kwa muundo, ndugu yake wa karibu katika Kiswahili si "angalifika" bali "angekuwa amefika": kisaidizi chenye -nge-, kisha kitenzi chenye -me-. Vitabu vyetu vya shule huipita sentensi ya namna hii bila kuitolea maelezo, ingawa husikika kila siku kituo cha matatu: "Saa hizi angekuwa amefika." Hapa wakati ni sasa, na kinachosemwa ni ukamilifu wa tendo. "Saa hizi angalifika" haikubaliki masikioni mwangu. Kwa hiyo Kiswahili kina njia tatu ambapo darasa hufundisha mbili.

Kuna na hatari nyingine katika tafsiri hiyo ya haraka. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilipewa sentensi ya gazeti, Le ministre aurait démissionné, nami nikaandika kwa ujasiri, "Waziri angalijiuzulu." Maana niliyoitoa ni kwamba waziri hakujiuzulu. Mwandishi wa Kifaransa alikuwa amesema kwamba, kwa habari zilizopo, waziri amejiuzulu, ila yeye mwandishi hajathibitisha. Kifaransa hutumia njeo hiyo kujitenga na habari. Kiswahili hakiwezi kuitumia -ngali- hivyo, kwa kuwa -ngali- hubeba kanusho ndani yake. Ilinipasa kusema "inasemekana waziri amejiuzulu". Kosa hilo lilinifunza kuhusu -ngali- zaidi ya kitabu chochote nilichokuwa nimesoma.

Sasa kanuni ya pili. Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko Rusinga. Mwanafunzi wa kisiwa hicho akiandika insha juu yake, ni jambo la kawaida aandike hivi: "Kama Mboya asingaliuawa mwaka 1969, leo angekuwa mzee wa zaidi ya miaka 90." Mtahini mwenye kalamu nyekundu atapiga mstari chini ya "angekuwa" na kuandika "angalikuwa". Lakini "leo angalikuwa mzee" yagongana na neno "leo". Sharti ni la zamani na tokeo ni la sasa. Sentensi yahitaji viambishi viwili tofauti kwa sababu nyakati ni mbili. Kifaransa hufanya vivyo hivyo bila haya: sharti huwekwa katika plus-que-parfait, tokeo katika conditionnel présent. Mtoto amefikiri sawasawa, nasi twamnyima alama kwa kufikiri.

Sisemi kwamba kila mchanganyiko ukubaliwe. "Ungalisoma ungefaulu," ikiwa mtihani wenyewe ulifanywa mwaka jana, ni uzembe, maana vishazi vyote viwili ni vya wakati mmoja. Hapo kanuni ya ulinganifu ina haki yake. Kinachotakiwa ni mtahini aulize nyakati ni ngapi kabla ya kukata alama.

Liko pia suala la ukanushi. Wako watahini wanaoikubali "nisingalikwenda" na kuikataa "singalikwenda", au "asingalikufa" na kuikataa "hangalikufa". Anayeshuku umbo hilo la pili na afungue Biblia ya Union Version, Injili ya Yohana 11:21, ayasome maneno ya Martha kuhusu kifo cha ndugu yake. Mtoto aliyelisikia umbo hilo kanisani Jumapili hulitumia darasani Jumatatu, na akalipwa sifuri.