Maadili, Umahiri na Ridhaa ya Mgonjwa

Tulipokuwa Rusimbi, mjini Kigoma, tulionyeshwa tafsiri ya mwongozo wa mafunzo uitwao "Uwezo wa Kimaadili kwa Watoa Huduma za Afya". Mfasiri wake ni mtu wa bidii, na sentensi zake zasomeka vizuri kuliko nyingi zipitazo mezani petu. Hata hivyo hatuna budi kuyapinga baadhi ya maneno yake, kwa kuwa madhara yake hayaishii karatasini.

Tuanze na "uwezo". Katika mazungumzo ya kila siku mtu mwenye uwezo ni mwenye fedha au madaraka, na muuguzi wa zahanati aghalabu hana hata kimojawapo. Wako wapendekezao "umilisi", ambalo Kenya imelitia katika mtaala wake wa shule. Lakini wanaisimu walilitumia neno hilo kwa maarifa yaliyomo kichwani, wakayatenganisha na utendi. Muuguzi ajuaye kanuni zote za kutunza siri, kisha akautaja ugonjwa wa mtu kwa sauti mbele ya foleni, umilisi anao, tunachokitafuta hana. Twaona "umahiri" lafaa zaidi, kwani mtu haitwi mahiri kabla hajaonekana akitenda.

"Maadili" nalo lina historia yake. Azimio la Arusha la 1967 lilileta miiko ya uongozi. Sheria ya 1995 ikaja na maadili ya viongozi wa umma. Mwiko hukataza tu. Maadili, neno lililo ndugu wa uadilifu, hudai mtu apime haki. Mwongozo huu umelirudisha neno kwenye mwiko: usipokee rushwa, usimtukane mgonjwa, vaa sare safi. Hayo ni mema, ila hayamfai kitu tabibu aliyeombwa na mjomba wa mgonjwa asimwambie mgonjwa kuwa ana saratani. Hapo hapana mwiko wa kushika. Pana ukweli na pana huruma ya jamaa, na tabibu hana budi kuamua kabla ya kurudi wodini. Mwongozo mzima hauna hata mfano mmoja wa namna hiyo, na lawama hii si ya mfasiri peke yake.

Lililotusumbua zaidi ni "idhini", katika "Fomu ya Idhini ya Upasuaji" iliyoambatishwa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mwajiri humpa mwajiriwa idhini ya kusafiri. Tukisema kweli, neno lingeweza kufaa, maana mwenye mamlaka juu ya mwili ni mgonjwa mwenyewe. Lakini mama mmoja tuliyemwuliza maana ya fomu hiyo alijibu kwamba ni karatasi ya daktari kumruhusu mtu apasuliwe. Kwa neno moja tu mamlaka yamehamia upande wa pili wa meza! "Ridhaa" haihamishiki hivyo: daktari aweza kuiomba, hawezi kuitoa. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kijerumani, ziliitanguliza ridhaa ya hiari kuliko masharti mengine yote ya majaribio juu ya binadamu.

Mfasiri ameandika pia "ridhaa yenye taarifa". Taarifa twaisikia redioni, tuielewe tusiielewe. Wengine husema "ridhaa baada ya kuelezwa", lakini kuelezwa ni kazi ya daktari, nayo yaweza kumalizika mgonjwa akiwa gizani vilevile. Sisi twapendekeza "ridhaa ya kuelewa".

Kiswahili cha Ujiji ni cha tangu misafara ya karne ya 19, lakini wagonjwa wengi wa pwani hiyo ya Tanganyika huzungumza Kiha nyumbani, na wengine huvuka ziwa na Kiswahili chao cha Kongo. Basi mfasiri na aipeleke fomu kwanza kwenye benchi la wagonjwa, awasomee, awaulize wameelewa nini. Mwongozo, tumeambiwa, bado haujapelekwa mtamboni.