Mkono wa Mtoto na Ubora wa Utafiti

Mnunuzi mjuzi wa kinyago cha jiwe la Kisii hautazami kwanza ung'avu wake, kwa kuwa msasa na nta vinaweza kufunika ufa. Utafiti wa saikolojia nao una nta yake: majedwali, asilimia zenye nukta, idadi kubwa ya waliohojiwa. Wasomaji wengi huanza hapo na kuishia hapo. Anayetaka kujua kama kazi ni imara afungue sura inayoeleza mbinu, atafute mahali pale ambapo kifaa cha mtafiti kilikutana na mtu anayepimwa, kisha aulize kama mtafiti alijua mambo ya kila siku ya watu hao kabla ya kuamua lipi kwao si la kawaida. Hicho ndicho kigezo ninachokiweka mbele ya vyote, na nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira nchini Kenya, inakifundisha vizuri kuliko vitabu vingi vya mbinu, maana watoto wake ni miongoni mwa watoto wa Afrika waliochunguzwa kwa muda mrefu na wanasaikolojia.

Chukua utafiti wa Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, uliochapishwa mwaka 1986, kuhusu jinsi mtoto mdogo anavyoshikamana na mama yake na pia na mlezi wake mwingine, ambaye mara nyingi ni dada au jamaa mdogo anayeitwa omoreri kwa Ekegusii. Kifaa kilichokuwapo kilibuniwa na Mary Ainsworth huko Baltimore, Marekani: mtoto huingizwa na mama katika chumba asichokijua, mgeni huja, mama hutoka, kisha hurudi, na mtafiti huangalia mtoto anampokeaje. Mtoto aliyetulia katika uhusiano wake humwendea mama, akataka kubebwa au kukumbatiwa. Kipimo hicho kingehamishwa kama kilivyo hadi Kisii, matokeo yangekuwa ya kupotosha, kwa kuwa watoto wale walizoea watu wazima wawasalimie kwa kuwapa mkono, si kwa kuwakumbatia. Watafiti wakafanya jaribio nje ya nyumba ya mama, katika uwanja ambao mtoto anaujua, na mtu mzima aliporudi alimsalimu mtoto kwa mkono. Mtoto mwenye utulivu aliunyoosha wake kwa furaha. Asiye na utulivu aligeuza uso, au alinyoosha mkono akaurudisha. Ishara ndogo namna hiyo hawezi kuiona mtu ambaye hajakaa uani akatazama watu wakisalimiana.

Kuna pingamizi zito hapa. Ukibadili kipimo, unalinganisha nini na nini? Kila aliyewahi kununua mahindi sokoni anajua kwamba gorogoro lililobonyezwa humpunja mnunuzi, na kwamba muuzaji atakuwa na sababu nzuri ya kueleza kwa nini limebonyea. Pingamizi hili linadhani kwamba kipimo cha Baltimore kilikuwa gorogoro safi lisilo la mahali popote. Sivyo. Ainsworth alianza kazi yake Uganda mwaka 1954, akiwatembelea nyumbani watoto 28 wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na huko aliona waziwazi watoto wakimfanya mama kuwa kituo cha kutokea na kurudia. Aliporudia uchunguzi Baltimore, watoto wa huko walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka nyumbani bila kushtuka. Ndipo akabuni chumba kigeni ili tabia ile ionekane. Kwa hiyo chumba chenyewe kilikuwa marekebisho ya kienyeji, ya huko Baltimore. Kinachopaswa kubaki kilekile toka mji hadi mji ni maana ya tendo. Umbo la tendo linaweza kutofautiana.

Hata hivyo pingamizi lile linatuachia dai la haki: asiyeacha kifaa kama kilivyo athibitishe kwamba kilichorekebishwa bado kinapima kitu. Hapa Kermoian na Leiderman walifanya kazi nzuri. Walipata kwamba uhusiano wa mtoto na mama ulikwenda sambamba na hali yake ya lishe, na uhusiano wake na mlezi mwingine ulikwenda sambamba na alama zake katika kipimo cha ukuaji wa akili. Kama mkono wa salamu ungekuwa kelele tupu, usingegawanyika hivyo kufuata kazi za walezi wawili: mama ndiye anayenyonyesha na kulisha, omoreri ndiye anayecheza naye mchana. Msomaji makini ataongeza kwamba sambamba si sababu, kwani huenda mtoto mchangamfu humvuta mlezi, na mtoto mwenye afya huwa mwepesi wa kumfurahia mama. Utafiti bora ni ule unaouacha mlango huo wazi badala ya kuufunga kwa maneno makubwa.

Watu huuliza pia juu ya idadi. Watoto walikuwa 26 tu, na takriban asilimia 61 walihesabiwa kuwa na utulivu kwa mama, asilimia 54 kwa mlezi mwingine. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, asilimia 61 ya watu 26 inaweza kuficha ukweli ulio popote kati ya 40 na 80 hivi. Basi anayenukuu 61 kama picha ya watoto wote wa Gusii anaukosea utafiti heshima. Lakini hojaji iliyojazwa na watu elfu mbili kwa swali walilolielewa vibaya haina tiba. Wingi wa makosa yaleyale hauyasahihishi, unayapa sauti tu.

Ujuzi wa mambo ya kila siku hupatikana kwa muda. Robert LeVine na Barbara LeVine walikaa Gusii kati ya 1955 na 1957, katika mradi wa Beatrice na John Whiting uliolinganisha jamii sita kuanzia Okinawa hadi Mexico, na kijiji wakakiita Nyansongo, jina la kubuni la kuwakinga wenyeji. Robert alirudi katikati ya miaka ya 1970 na Sarah LeVine pamoja na madaktari wa watoto, na kitabu chao kikuu kikatoka 1994. Mbio zingewafanya waandike kwamba mama wa Kigusii, asiyemkodolea macho mtoto wala kuzungumza naye sana, hamjali. Walipokaa, waliona kwamba mama huyo humshika mtoto zaidi kuliko mama wa Boston katika miezi ya mwanzo na hujibu kilio chake upesi, kwa kuwa lengo lake la kwanza ni mtoto aishi. Majirani wa Kipsigis walikuwa na somo kama hilo: Sara Harkness na Charles Super walionyesha mwaka 1977 kwamba mtoto aliyelelewa kuwa msikivu mbele ya wakubwa hunyamaza mbele ya mpimaji. Kunyamaza kwake ni adabu, na kipimo kinachodai maneno huuandika ukimya huo kuwa upungufu.

Basi ukipokea leo tasnifu iliyofanywa Nyamira au Kisii, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na fomu za ridhaa ni masharti ya lazima, lakini havisemi lolote kuhusu uimara wa kipimo. Tafuta kama hojaji ilitafsiriwa kwa Ekegusii na mtu mwingine akairudisha katika lugha ya kwanza bila kuona asili. Tafuta nani aliuliza, wapi, na nani alikuwa amesimama kando akisikiliza. Tafuta kama watazamaji wawili walipatana bila kuelezwa matokeo yanayotarajiwa. Kisha tafuta kitu adimu zaidi: nafasi waliyopewa waliopimwa kumpima mpimaji. Akina mama wa Kigusii walipoonyeshwa video za mama wa Kimarekani, walisikitika kuona jinsi walivyochelewa kumjibu mtoto anayelia.