Valvu za Baragumu Kuukuu Hazisagwi

Ugonjwa mkubwa wa baragumu la Kifaransa lililokaa kabatini miaka mingi ni rota iliyoganda. Waliotazama ukarabati wa nyumbani wanaujua mpangilio wake: skrubu hulegezwa, mhimili hugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, kifuniko cha beringi hutoka, rota hufuata. Mpaka hapo kazi huwa safi. Kisha hufunguliwa kopo la dawa ya kusagia, na hapo ndipo chombo kinapoharibiwa.

Uamuzi huo hutokana na mazoea ya gereji. Valvu ya injini husagwa ili ikae sawasawa kwenye kiti chake, na springi huibana humo. Rota, iliyosajiliwa na Joseph Riedl huko Vienna mwaka 1835, haibanwi na springi kwenye ukuta wake. Hushikwa na beringi mbili za nchani na kuzunguka robo duara, na upenyo mwembamba kati yake na kasha huzibwa na utando wa mafuta. Dawa ya kusagia huila rota na kasha kwa pamoja. Upenyo hupanuka, na metali iliyoondoka hairudi.

Kibaya zaidi, matokeo ya kwanza hudanganya, kwa kuwa rota iliyosagwa huzunguka kwa wepesi mno. Ukweli hujitokeza mrija wa valvu unapovutwa bila kubonyeza kitufe, kisha kitufe kikabonyezwa baada ya kitambo kidogo. Valvu nzima hutoa mlio mfupi wa hewa inayoingia kwa kishindo. Iliyosagwa hunyamaza, maana hewa ilikwisha kupenya. Mpigaji atauona uvujaji huo kwenye noti za juu, ambazo katika neli ya F yenye urefu wa karibu mita 3.7 hukaribiana sana: huteleza na hazishikiki.

Rota iliyoganda kwa kawaida imeshikwa na ukoko wa chokaa, kutu ya kijani na mafuta yaliyokauka. Dawa yake ni kulowekwa katika asidi dhaifu ya limau, kusuuzwa, kupigwa brashi laini na kutiwa mafuta. Ikikwama tena, itafutwe beringi iliyopinda au kasha lililobonyea. Iliyolika kweli huongezewa shaba nyekundu au nikeli kwa umeme, ndipo isagwe kidogo kidogo hadi ilingane na kasha. Hapo tu ndipo dawa ya kusagia ina haki yake, na hiyo ni kazi ya karakana.

Kosa la kusaga nyumbani ni ndugu wa mashine za kung'arisha, zinazopunguza unene wa neli, na wa msumeno unaokata mdomo wa baragumu ili utiwe ringi ya skrubu. Mafundi wa zamani walirudisha, wasagaji na wakataji hawa wanaondoa. Baragumu aina ya Alexander la mpigaji Dennis Brain lilipondeka katika ajali ya gari iliyomuua mwaka 1957, na mafundi Paxman wa London wakalijenga upya. Chombo kilichopatwa na chokaa tu hakistahili kupoteza ukuta wa valvu zake.

Baada ya usafi, kifuniko hurudishwa kwa kufuata alama yake, vipande vya koki vinavyoisimamisha rota hukatwa hadi mistari ya rota na ya beringi ilingane, na uzi unaoiunganisha rota na kitufe hufungwa upya. Jaribio la mrija hurudiwa kwa kila valvu kabla ya chombo kupigwa.